S tano zilizofika Mbeya kutoka Japani

Katika hospitali kadhaa za serikali nchini Tanzania kuna bango ukutani lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mgeni hudhani ni agizo la bwana afya. Kumbe yalizaliwa viwandani Japani, yakiitwa seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Yalipotiwa Kiswahili, S zote tano zilibaki.

Mwaka 1950, Japani ikiwa bado inajikongoja baada ya vita, Mmarekani W. Edwards Deming alialikwa Tokyo kufundisha wahandisi na wakuu wa viwanda jinsi ya kudhibiti ubora kwa takwimu. Wenyeji walimsikiliza vizuri. Mwaka uliofuata wakaanzisha Tuzo ya Deming. Kwenye viwanda vya Toyota, mhandisi Taiichi Ohno alikuwa akipiga vita upotevu: kungoja, kubeba vitu huku na huko, kulundika mali isiyohitajika. Aliwataka wafanyakazi waulize “kwa nini” mara tano kabla ya kuridhika na jibu. Hesabu za mtaalamu zikakutana na jicho la fundi aliye mashineni, na kaizen, yaani maboresho madogo yasiyokoma, ikapata nguvu.

Huko Colombo, Sri Lanka, Hospitali ya Wanawake ya Castle Street iliichukua elimu hiyo ya viwandani, pamoja na S zake tano, na kuipeleka wodini. Shirika la misaada la Japani, JICA, likaifanya hospitali hiyo darasa kwa nchi za Afrika. Tanzania ilianza mwaka 2007, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa miongoni mwa watangulizi.

Mfumo uliofika una ngazi tatu: 5S, Kaizen, kisha usimamizi wa ubora wa hospitali nzima. Mpangilio huo una sababu. Timu haiwezi kupima foleni inakwama wapi ikiwa mafaili yamezagaa masjala; kwa hiyo 5S hutangulia. Lakini stoo inayong’aa peke yake haitoshi kumwondolea mgonjwa foleni, mpaka watu wakae, wahesabu, waulize kwa nini. Na jibu likishapatikana, mara nyingi linadai zamu zibadilishwe au bajeti iguswe, mambo yasiyo ya mhudumu wa wodi.

Ndiyo maana kazi inayoanzia stoo haina budi kumalizikia mezani kwa mganga mfawidhi.