Sambusa na Chai ya Viungo Katika Nchi ya Kahawa

Katika vilima vya Mapera, wilayani Mbinga, mkulima wa Kimatengo hupanda kahawa, huichuma, huimenya, huianika, kisha huiuza. Lakini aketipo mgahawani asubuhi, kinywaji aagizacho ni chai, nayo ikiwa imetengenezwa vizuri hunukia tangawizi na iliki, na kando yake huwekwa sambusa ya moto. Jambo hili la kila siku lina maswali mawili ya historia ndani yake. Yawaje nchi ya kahawa ikanywa chai? Na je, ni haki kuiita chai hiyo, pamoja na kitafunio chake, kuwa ni vitu vya Kihindi?

Yafaa kuanza na sambusa, kwa kuwa ndiyo kongwe. Waajemi waliiita sanbusa, na vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 10 vyaeleza jinsi ya kuipika. Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliikuta baadaye katika karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq huko Delhi: nyama iliyosagwa, ikapikwa kwa lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Basi hata Bara Hindi sambusa ilikuwa mgeni aliyetoka Uajemi. Wahindi walio wengi huiita samosa; Mswahili husema sambusa, akilifuata neno la Kiajemi na la Kiarabu. Sauti ya neno peke yake haitoshi kuwa ushahidi, lakini yatukumbusha kwamba pwani ilifanya biashara na Uajemi na Arabuni karne nyingi kabla ya duka la kwanza la Mhindi kufunguliwa bara. Na viazi, ambavyo siku hizi hutiwa ndani ya sambusa mahali nyama ilipo ghali, asili yake ni Amerika ya Kusini. Havikujulikana Delhi katika zama za Ibn Battuta.

Chai nayo ina habari ya kustaajabisha zaidi. Viungo vyake ni vya kale: jina mdalasini latokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa China, na karafuu ilikuwa imekwisha kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini chai yenyewe ilianza kulimwa Assam na Waingereza baada ya mwaka 1823, na shehena ya kwanza ikauzwa London mwaka 1839. Ililimwa ili iuzwe ng'ambo, na Wahindi wengi hawakuwa wakiinywa. Ni katika karne ya 20 ambapo wenye mashamba, wakitafuta soko jipya, walifanya bidii ya kuwazoeza watu wa nchi ile. Wachuuzi wa vituo vya reli na wa mitaani wakaongeza maziwa, sukari na viungo, wakapunguza majani, nao wenye mashamba wakanung'unika kwamba chai yao yaharibiwa. Hivyo kinywaji kinachodhaniwa kuwa cha jadi tangu enzi na enzi ni kazi ya maskini wa mijini, nacho kilienea kwa watu wote wa Bara Hindi katika karne hiyo tu.

Desturi hii iliingia bara la Afrika ya Mashariki kwa njia ya duka. Reli ya Uganda, iliyojengwa tangu mwaka 1896 hata 1901, ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na walio wengi wakarudi kwao. Wenye maduka waliofuata maboma walikuwa hasa wafanya biashara wa Gujarat na Kutch, waliokuja kwa nauli zao wenyewe. Majani ya chai na sukari vilipatikana kwa fedha taslimu tu, na mashamba ya ngoro, yenye mahindi na maharage, yalilisha jamaa lakini hayakujaza mfuko.

Fedha ililetwa na kahawa. Zao hili lilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichodumu hata vyama vikuu vyote vilipovunjwa na serikali mwaka 1976. Kahawa ya Mbinga iliuzwa kwa miaka mingi katika mnada wa Moshi, mbali na macho ya aliyeilima. Pwani, muuzaji huzunguka na dele lake na vikombe, na watu hunywa kahawa chungu barazani. Milimani kahawa iliingia kama kodi na ada ya shule, wala haikuingia kama kinywaji. Ili inywewe ilihitaji kukobolewa, kukaangwa na kutwangwa; chai ilikuja katika pakiti, tayari kwa maji ya moto. Kwa hiyo mkulima aliuza kahawa akanunua chai. Na chai hiyo haikutoka tena Bara Hindi peke yake, kwa sababu tangu mwaka 1926 ililimwa kwa biashara Tanganyika yenyewe, na mashamba ya Rungwe, Mufindi na Njombe yako katika nyanda hizo hizo za kusini.

Wengi wa wenye maduka waliondoka nchini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971. Birika lilibaki. Wakinamama waliojifunza kukunja manda hawakuhitaji hati ya kumiliki ujuzi wao. Asemaye kwamba chakula hiki ni cha Kihindi tu huwanyima wao kazi ya mikono yao. Naye asemaye kwamba ni chetu tangu asili huwafuta wachuuzi na wenye maduka waliokileta. Historia yawatambua wote wawili. Tena yamwonyesha msomaji lililo zito zaidi, kwamba Umatengo ulipewa mazao mawili ya dunia kwa masharti mbalimbali: moja ulijifunza kulionja, na la pili kulihesabu katika magunia.