Fidia ya kifo: Miaka mitatu ya sheria si mitatu kwa kila familia

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, kifo cha ghafla hufuatwa na shughuli nyingi. Kuna matanga, mchango wa mazishi, gharama za mochari na safari ya kumpeleka marehemu mashambani. Suala la fidia huachwa hadi machozi yakauke.

Sheria, hata hivyo, haisubiri machozi yakauke. Siku zinazoruhusiwa kufungua kesi huanza kuhesabiwa mara moja, na zikiisha, mahakama huitupa kesi hata kama kosa la mshtakiwa ni dhahiri.

Wakazi wengi wamesikia kwamba muda huo ni miaka mitatu. Ni kweli, lakini si kwa kila kesi. Kwa baadhi ya familia muda ni mwaka mmoja tu, na kinachoamua ni nani anayedaiwa.

Sheria mbili, madai mawili

Kifo kilichosababishwa na uzembe wa mtu mwingine huzaa madai ya aina mbili nchini Kenya.

Madai ya kwanza ni ya wategemezi, chini ya Sheria ya Ajali za Vifo (Sura ya 32). Wanaotambuliwa ni mume au mke, wazazi na watoto wa marehemu. Wajukuu na watoto wa kambo huhesabiwa miongoni mwa watoto. Ndugu wa marehemu hawamo, hata kama ndiye aliyekuwa akiwalipia karo.

Madai ya pili ni ya mirathi ya marehemu mwenyewe, chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Sura ya 26). Hapa hudaiwa fidia ya maumivu aliyopata kabla ya kukata roho na ya kupunguziwa maisha, pamoja na gharama za mazishi.

Aghalabu madai hayo huunganishwa katika kesi moja, lakini saa zake hazianzi pamoja. Yale ya wategemezi lazima yawasilishwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya kifo. Yale ya mirathi hufuata Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kesi (Sura ya 22), ambayo pia inatoa miaka mitatu, ila hesabu huanza siku ya ajali.

Tuseme mtu aligongwa na matatu katika barabara ya Jogoo mnamo Februari 2, 2025 na akafariki hospitalini Machi 10. Wategemezi wana hadi Machi 10, 2028, lakini madai ya mirathi hufikia kikomo Februari 2, 2028. Familia yenye busara huhesabu kuanzia tarehe ya mapema.

Jambo jingine ni kwamba sheria inaruhusu kesi moja tu ya wategemezi kwa kifo kimoja. Kwa hivyo, wategemezi wote hupaswa kuorodheshwa humo. Iwapo marehemu aliacha wake wawili, mmoja Umoja na mwingine mashambani, mvutano baina yao hausimamishi saa ya korti.

Mwaka mmoja dhidi ya serikali

Muda hupungua sana anayedaiwa anapokuwa serikali. Sheria ya Ukomo wa Kesi dhidi ya Mamlaka za Umma (Sura ya 39) inaagiza kuwa kesi ya uzembe dhidi ya serikali au mamlaka ya mtaa ifunguliwe ndani ya miezi 12. Mabaraza ya miji yalirithiwa na serikali za kaunti mwaka 2013.

Kwa mkazi wa Eastlands, kanuni hii inagusa mambo ya kila siku. Inahusu mama aliyefariki akijifungua katika hospitali ya umma kama vile Pumwani au Mama Lucy Kibaki. Inahusu mpita njia aliyegongwa na gari la polisi, mtoto aliyetumbukia katika mtaro ulioachwa wazi na kaunti, au mwendeshaji bodaboda aliyegongwa na lori la kaunti likielekea jaa la Dandora.

Mfano wa lori unaonyesha jinsi mtego ulivyo. Likiwa la mwanakandarasi binafsi, familia ina miaka mitatu. Likiwa la kaunti, ina mwaka mmoja. Ndiyo maana jambo la kwanza baada ya mazishi ni kuthibitisha mmiliki wa gari kupitia rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA).

Baadhi ya mashirika ya umma nayo yana sheria zake. Reli hupita katikati ya Makadara na Dandora, na Sheria ya Shirika la Reli (Sura ya 397) inataka shirika lipewe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kushtakiwa, na kesi iwe imefunguliwa ndani ya miezi 12.

Zamani serikali yenyewe pia haikuweza kushtakiwa kabla ya kupewa notisi ya siku 30. Mwaka 2012, katika kesi iliyohusu kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service, Mahakama Kuu iliamua kuwa sharti hilo linakiuka haki ya raia ya kufikia mahakama chini ya Katiba ya 2010. Uamuzi huo uliondoa kikwazo cha notisi. Haukuongeza hata siku moja juu ya miezi 12.

Somo la Huruma

Usiku wa Aprili 29, 2016, jumba la makazi liliporomoka mtaani Huruma baada ya mvua kubwa, na watu wasiopungua 49 wakapoteza maisha. Ilibainika kwamba jengo hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotajwa kuwa hatari na yaliyofaa kubomolewa.

Katika mkasa wa namna hiyo, familia inaweza kumlaumu mwenye jengo kwa kujenga vibaya, na pia kuilaumu serikali ya kaunti kwa kutochukua hatua. Kifo ni kimoja, lakini saa ni mbili. Kwa waliofariki usiku ule, mlango wa kuishtaki kaunti kwa uzembe ulifungwa mwishoni mwa Aprili 2017. Mlango wa kumshtaki mwenye jengo ulibaki wazi hadi mwishoni mwa Aprili 2019.

Hesabu kama hiyo inahusu mlipuko wa gesi uliotokea Embakasi usiku wa Februari 1, 2024. Kwa waliofariki usiku huo, miaka mitatu ya kuwashtaki watu au kampuni binafsi inaisha mwanzoni mwa Februari 2027. Miezi 12 dhidi ya serikali iliisha Februari 2025.

Aliyefia kazini

Maelfu ya wakazi wa Mukuru, Kayole na Donholm hufanya kazi katika viwanda vya Industrial Area na kwenye mijengo. Anayefia kazini familia yake haianzii kortini. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Mwajiri naye hutakiwa kuripoti ajali iliyosababisha kifo ndani ya saa 24.

Utaratibu huo ulipingwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipouidhinisha mnamo Desemba 2019. Familia inayokimbilia kwa hakimu kwanza hujikuta imepoteza muda katika mlango usio wake.

Mambo yasiyosimamisha saa

Makosa mengi hutokana na kudhani kuwa kuna jambo jingine linaloendelea ambalo linailinda familia. Haya yafuatayo hayasimamishi hesabu ya siku:

- Kesi ya trafiki au ya jinai dhidi ya dereva. Hukumu ya hatia husaidia sana kama ushahidi, lakini kesi ya fidia inaweza kufunguliwa kabla ya hukumu hiyo kutolewa.

- Uchunguzi wa polisi au malalamishi kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA).

- Malalamishi dhidi ya daktari mbele ya baraza linalosimamia madaktari.

- Mazungumzo na kampuni ya bima. Afisa wa bima anaweza kuahidi malipo kwa miaka miwili, na mwaka wa tatu ukipita akasema kesi imepitwa na wakati.

- Umri mdogo wa watoto wa marehemu. Mzazi aliyebaki anaweza kudai kwa niaba yao. Hakuna sababu ya kungoja wakue.

Familia inayodai kuwa serikali ilikiuka haki ya kuishi, kwa mfano baada ya mauaji yanayohusishwa na polisi, inaweza pia kuwasilisha ombi la kikatiba Mahakama Kuu. Katiba haikuweka idadi ya miaka kwa maombi hayo. Hata hivyo, majaji hutaka maelezo ya kuridhisha kuhusu kuchelewa, na wanaweza kulikataa ombi lililokaa mno.

Hati inayochelewesha

Mtego mwingine ni mamlaka ya kushtaki. Mtu hawezi kudai kwa niaba ya mirathi kwa kuwa mjane au mwana pekee. Ni lazima kwanza apewe hati na mahakama chini ya Sheria ya Urithi (Sura ya 160). Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba kesi iliyofunguliwa na msimamizi kabla ya kupata hati hiyo haina uhai, na hati ikija baadaye haiwezi kuifufua.

Si lazima kungoja mirathi yote igawanywe. Kuna hati ya muda inayotolewa kwa ajili ya kufungua kesi pekee, na ndiyo hutumiwa mara nyingi. Kwa upande wa wategemezi, sheria inawaruhusu kushtaki wao wenyewe ikiwa hakuna msimamizi, au msimamizi hajafanya hivyo ndani ya miezi sita tangu kifo.

Ili kupata hati hiyo, familia huhitaji cheti cha kifo na barua ya chifu. Kwa kesi yenyewe huhitajika pia abstrakti ya polisi, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, stakabadhi za mapato ya marehemu na risiti za mazishi. Kila karatasi hula siku zake. Kwa mwenye miezi 12 pekee, inafaa kuanza kuzitafuta wiki zile zile za mazishi.

Ajali ikiwa ya gari, kampuni ya bima hupaswa pia kupewa notisi ya kesi, kabla ya kufunguliwa au mara tu inapofunguliwa. Bila notisi hiyo inaweza kukataa kulipa. Isitoshe, sheria imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mwathiriwa kwa malipo ya bima ya lazima.

Muda ukishapita

Sheria inaruhusu kuongezewa muda katika hali chache. Mlalamishi lazima aonyeshe kuwa hakujua, na hangeweza kujua, ukweli muhimu wa kesi, kama vile aliyesababisha kifo. Akishaufahamu ana mwaka mmoja wa kufungua kesi. Kutojua sheria, kukosa pesa au kuwa na majonzi si sababu inayokubalika.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, au shirika la Kituo cha Sheria, lililoanzishwa mwaka 1973. Ni vyema kujihadhari na mawakala wanaofika matangani na fomu za kutiwa sahihi.

Kesi za Nairobi huwasilishwa kwa mtandao tangu Julai 2020, na ada ni sehemu ya uwasilishaji. Kupakia hati siku ya mwisho na kuacha malipo hadi kesho yake kunaweza kuigharimu familia kila kitu. Wahenga walinena, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.