Anayerudi Songea Hukuta Nini

Mazungumzo ya kuwasaidia wahitimu wa Kiafrika walioko ughaibuni warudi kufungua biashara makwao yana mazoea ya kuanzia kwenye begi la msafiri: ana shahada gani, ana akiba kiasi gani, amejifunza nini huko. Akipungukiwa, aongezewe mtaji. Akisitasita, apelekwe semina. Historia ya Songea inayapinga mazoea hayo, kwa sababu watu wa Ruvuma, mkoa ambao Songea ni mji wake mkuu, walikuwa wakienda mbali kutafuta, na kurudi na walichopata, kabla hata babu na bibi za wahitimu wa leo hawajazaliwa. Kijana anayetoka Bombambili, kata ya mji wa Songea, kwenda kusoma Uingereza au China anapita njia iliyokwisha kukanyagwa, ingawa waliomtangulia walikwenda kukata mkonge. Nikiifuata njia hiyo tangu mwanzo naona jambo moja likijirudia. Mali ya anayerudi ilizaa pale ilipokuta chombo nyumbani cha kuipokea, yaani mnunuzi, ghala, barabara na watu wanaoaminiana kwa fedha. Kila chombo hicho kilipovunjwa kwa amri, begi lilibaki begi.

Vita vya Maji Maji (1905–1907) viliiacha Ungoni, nchi ya Wangoni, imevunjika. Viongozi wake walinyongwa mjini Songea Februari 1906, vyakula vikachomwa, njaa ikafuata. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walidai kodi kwa fedha taslimu katika nchi ambayo karibu haikuwa na kitu cha kuuza kwa fedha. Reli ya Kati ilipita mbali kaskazini, na gharama ya kulifikisha gunia la mahindi pwani ingekula bei yake yote. Kilichoweza kujisafirisha kwa miguu yake kilikuwa mwanaume mwenye nguvu. Ndivyo Songea ilivyogeuzwa hazina ya vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua kutoka mikoa ya mbali kama huu. Kibarua alipewa namba, akaitwa manamba, na jina hilo likabaki kuwa la dharau hata baada ya mkonge wenyewe kuanguka bei. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyewachunguza Wangoni na Wandendeule na kuchapisha utafiti wake mwaka 1955, aliyakataa maelezo mepesi kwamba vijana walivutwa na raha za mbali. Walikwenda kwa sababu kwao hapakuwa na njia ya kupata fedha. Waliporudi, walichochuma kiliishia kwenye nguo, kodi na mahari. Wapo wanaosoma habari hii na kuona upungufu wa akili ya biashara. Mimi naona hesabu sahihi. Mtu mwenye shilingi zake, aliyezungukwa na ardhi isiyo na barabara wala mnunuzi, angeziweka wapi pa maana kuliko kuoa na kuwavika wazazi wake?

Hesabu hiyo ilianza kubadilika pale alipopatikana mnunuzi. Mwaka 1936, miaka mitatu baada ya chama cha ushirika cha KNCU kuanzishwa Kilimanjaro, ulisajiliwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo, uliojulikana kwa kifupi kama NGOMAT. Tumbaku ya moshi ya Ungoni na kahawa ya milima ya Umatengo zilikuwa na sifa moja ambayo mahindi hayakuwa nayo: uzito mdogo kwa bei kubwa, hivyo ziliweza kuistahimili nauli ya lori. Tumbaku ya moshi haikuhitaji mtambo. Ilihitaji banda, kuni, mikono na uvumilivu wa kuulinda moto. Kwa maneno mengine, ilihitaji kiasi kilekile ambacho mtu aliyerudi kutoka Tanga angeweza kuwa nacho mfukoni. Sidai kwamba NGOMAT ilikuwa pepo ya mkulima. Mkono wa serikali ya kikoloni haukuwa mbali nayo, na uhamaji kwenda mkongeni uliendelea hata hivyo. Lakini kwa mara ya kwanza akiba ndogo ya mtu mmoja ilikuwa na mlango wa kuingilia, na mlango huo ulikuwa Songea.

Hapo msomaji makini atanikata kauli: manamba na mhitimu wa chuo kikuu wanalinganishwaje? Mmoja alirudi na blanketi, mwingine anarudi na ujuzi wa kutengeneza programu au kusindika vyakula. Tofauti ipo, ingawa ni ndogo kuliko inavyopendeza kusema. Si bure Watanzania wa ughaibuni wenyewe, wenye digrii zao, wanaiita kazi yao ya huko kubeba boksi. Lakini tuchukue pingamizi hilo kwa uzito wake na tuwatazame wasomi waliorudi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa mwanasiasa Mkenya Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, na wengine wakafuata miaka iliyofuata, wakiwemo wachache wa Tanganyika na Uganda. Waliporudi, sehemu kubwa yao waliingia ofisi za serikali na vyuo, kwani ndiko walikokuwa wakingojewa. Oscar Kambona, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa, alisomea sheria London na kurudi kuwa waziri, hakurudi kuwa mfanyabiashara. Kisha Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na masharti yake ya uongozi yakamkataza kiongozi, pamoja na mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kwa kuwa karibu kila msomi alikuwa mtumishi wa umma, msomi na biashara walitenganishwa kisheria hadi Azimio la Zanzibar lilipoyalegeza masharti hayo mwaka 1991. Ni zaidi ya miongo miwili. Anayeshangaa kwa nini mzazi wa Songea bado anamuuliza mwanawe mhitimu "umepata kazi wapi?" badala ya "umefungua nini?" ajue swali hilo lilifundishwa, na lilifundishwa vizuri. Hata Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, katika mpango wake wa kuwarejesha wataalamu wa Kiafrika kuanzia 1983 hadi 1999, lilitilia mkazo zaidi kuwatafutia ajira kuliko kuwafungulia milango ya biashara.

Mfano unaouma zaidi uko nje ya mji. Mwaka 1960 kikundi cha Umoja wa Vijana wa TANU, kikiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kilianzisha kijiji cha Litowa. Kutoka hapo kikakua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofikisha vijiji 17 hivi vilivyolima kwa pamoja, vikaendesha shule yao na kuwa na mashine ya kusaga nafaka Songea mjini. Mwalimu Nyerere alikipenda. Mengi aliyoyaandika kuhusu vijiji vya ujamaa yanafanana na yaliyokuwa yakitendeka Litowa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku, mali zake zikachukuliwa. Haukupita muongo, mwaka 1976, serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, na ilibidi ingoje sheria ya 1982 kuvirudisha. Kwa hiyo mtu wa Ruvuma ameona, katika maisha ya kizazi kimoja, vyombo viwili alivyovijenga kwa jasho vikifutwa kwa tangazo. Hasara ya mashine inahesabika. Hasara ya kutomwamini tena jirani kuweka fedha pamoja naye haikuingia kwenye hesabu yoyote.

Atatokea wa kunijibu kwamba mtu mwenye nia hahitaji chombo chochote, na atanitolea mfano wa Said Salim Bakhresa, aliyeacha shule mapema na kujenga himaya ya unga bila shahada wala semina. Ni mfano mzuri, ila unanisaidia mimi. Bakhresa alianzia Dar es Salaam, mji wenye bandari, umeme na walaji wengi. Chombo kilikuwa ni mji wenyewe. Songea ilipata lami ya kutoka Makambako miaka ya 1980, na ya kwenda Mtwara baadaye sana. Sasa angalau lori linafika. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala yake Ruhuwiko. Ufuta na soya vinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005. Mahindi mengi bado yanaondoka yakiwa punje kwenye gunia, na unga wenye nembo unarudi kutoka kwingine. Pengo ambalo mhitimu wa ughaibuni anaambiwa alizibe liko hapo, na si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama sokoni Bombambili.

Akitaka kuliziba pengo hilo, atakutana kwanza na sheria. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa kwao, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimhesabu kuwa mgeni asiyepewa ardhi ila kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Serikali imeuchagua mpango wa hadhi maalum badala ya uraia pacha, nao unalenga kupunguza adha. Lakini hadhi haimleti mnunuzi. Kisha kuna mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Aliyekaa miaka sita nje hana kikundi. Watu wa kumdhamini walikwisha kujipanga bila yeye. Na mwaka 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa ghafla nchi nzima, ukarudishwa mwaka uliofuata. Sababu zilikuwepo, fedha zilikuwa zikipotea. Hata hivyo, mzee wa Ruvuma aliyeiona 1969 na 1976 hakuhitaji kuelezwa maana ya kusitishwa. Kijana aliyesomea usindikaji wa vyakula, akiishusha Bombambili mashine yake ya kukamua soya, atauliza lile ambalo mkulima wa tumbaku alikuwa na haki ya kuuliza mwaka 1936: msimu huu atanunua nani, na mwakani bado atakuwepo?