Ukaazi au uanagenzi? Jina la mafunzo ya daktari wa familia

Tuseme mtu afike Bulla Pesa, wadi ya mjini Isiolo nchini Kenya, na kutangaza kwamba hospitali ya rufaa ya Isiolo imepata "daktari mkaazi". Swali la kwanza atakaloulizwa ni la haki kabisa: anakaa wapi? Katika wadi hii mkaazi ni mtu mwenye nyumba, majirani na kura. Mfasiri wa istilahi za kitabibu humaanisha mtu mwingine, yaani daktari aliyekwisha kuhitimu, akamaliza mwaka wake wa mafunzo kazini, akapewa leseni, kisha akarudi kusoma na kuhudumia wagonjwa kwa wakati mmoja ili awe bingwa.

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hivyo, "resident", lilipozaliwa lilisema kweli. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mjini Baltimore mwaka 1889, daktari William Osler aliweka utaratibu wa madaktari vijana kuishi humo humo hospitalini, usiku na mchana, karibu na wagonjwa wao. Leo anayesomea ubingwa Eldoret au Nairobi hupanga nyumba mjini, akaingia zamu na kutoka. Makao yalikwisha, jina likabaki. Kwenye wodi za Kenya wao wenyewe huitana "rejista", urithi wa Uingereza, lakini kwa msemaji wa Kiswahili rejista ni daftari la majina tu.

Mimi nashikilia uanagenzi. Mwanagenzi hujifunza akiwa kando ya fundi, mkono wake ukiwa tayari kazini; hiyo ndiyo hali halisi ya mafunzo haya. Kipingamizi kipo, nacho si kidogo: magazeti yetu ya Kenya tayari huwaita madaktari wa mwaka ule wa kwanza wa mafunzo kazini "madaktari wanagenzi". Watanzania wana neno jingine kwao, "madaktari tarajali", na ni zuri, kwa sababu wanaotarajiwa ni hao hasa. Lakini kwa kuwa kwetu jina la mwanagenzi limekwisha zoeleka, tofauti iwekwe wazi: yule wa mwaka wa kwanza abaki mwanagenzi, na huyu wa pili awe mwanagenzi wa ubingwa.

Ubingwa wa nini, sasa? Hapo ndipo penye uzito. Bingwa wa macho anajulikana, bingwa wa mifupa pia; wa familia bado. Marekani iliutambua udaktari wa familia kuwa ubingwa kamili mwaka 1969. Kenya ilianza kuwafunza madaktari wa familia mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua shahada ya uzamili ya fani hii, na wanafunzi wakapelekwa kwenye hospitali za nje ya jiji kama Webuye. Chuo cha Kabarak kilifuata baadaye, na Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ni mojawapo ya hospitali wanakofunzwa. Humo mwanagenzi huzalisha, hupasua, hutibu mtoto mwenye nimonia na babu mwenye sukari. Asifunzwe kiungo kimoja. Afunzwe mtu kamili na nyumba yake.

Wengine huandika "tiba ya familia". Siipendi. Msomaji atadhani familia yenyewe inaumwa, au kwamba mume na mke wanapatanishwa. "Udaktari wa familia" unataja kazi na anayefanyiwa.

Na familia yenyewe ni nini Isiolo? Waborana hugawa mifugo yao: ng'ombe wa maziwa hubaki nyumbani, warra, na wale wasiokamuliwa huchungwa mbali na vijana, kwenye fora. Kwa hiyo familia moja huweza kuwa na mama anayeuza maziwa mjini, nyanya anayekaa naye, na mwana asiyeonekana kwa miezi. Daktari anayehesabu familia kwa wale walioketi kwenye benchi la kliniki amehesabu nusu.

Chukua mfano wa mama anayefanya biashara ya maziwa ya ngamia, yale yanayosafirishwa kwa basi kutoka Isiolo hadi Eastleigh, Nairobi. Anakuja na homa ya wiki tatu, jasho la usiku na viungo vinavyouma. Amekwisha kunywa dawa za malaria, kisha za taifodi. Mwanagenzi aliyefunzwa vizuri atamuuliza: maziwa mnayachemsha? Kuna mnyama aliyetupa mimba? Nani mwingine nyumbani ana homa? Anayoitafuta ni brusela, ambayo binadamu huipata kwa maziwa mabichi na kwa kushika wanyama wanaozaa. Akiipata, kazi ndiyo imeanza. Dawa zake ni za wiki 6, mgonjwa hupata nafuu mapema na kushawishika kuziacha, na mwana aliye fora anaendelea kushika wanyama wanaozaa.

Mwaka 2018 Kenya iliwaleta madaktari takriban 100 kutoka Kuba na kuwapeleka kwenye kaunti, nayo ikawatuma Wakenya 50 Kuba kusomea udaktari wa familia. Mkataba huo ulimalizika mwaka 2023, mwaka ule ule sheria ya afya ya msingi ilipopitishwa ili kuunganisha hospitali, zahanati na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mtandao kama huo unamhitaji daktari wa familia kuuongoza, na Kenya bado inao wachache mno. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu uhaba huwaumiza zaidi watu wa kaunti ambazo madaktari hupangiwa na kuomba uhamisho.

Kwa hiyo "ukaazi" sikutaka kuutupa, nilitaka kuuhamisha. Miaka ya kujifunza iitwe uanagenzi wa udaktari wa familia. Neno mkaazi liwekwe hadi mwanagenzi amalize, apangiwe Isiolo, na wiki ya 6 mama yule akirudi na mwanawe aliyeshuka kutoka fora, amkute daktari yule yule.