Haki za watu wenye ulemavu: Ahadi za nchi za Afrika Mashariki na pale zinapokwama

Na Mwandishi Wetu

SHERIA ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nchini Tanzania inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia tatu ya wafanyakazi hao ni watu wenye ulemavu. Ng'ambo ya Namanga, nchini Kenya, sheria inataja asilimia tano.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayetafuta kazi. Tangu Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungua njia kwa wafanyakazi kuvuka mipaka. Swali linalobaki ni iwapo haki za mtu mwenye ulemavu nazo zinavuka pamoja naye, au zinaishia kwenye geti la uhamiaji.

Makala haya yanaeleza misingi ya ushirikiano wa nchi za ukanda huu katika suala hilo, hatua zilizokwisha kufikiwa na mambo ambayo bado yanasuasua.

Msingi wa Jumuiya

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Ibara ya 120 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuwa na mtazamo mmoja kuhusu makundi yaliyo pembezoni, yakiwemo ya watoto, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Kwa msingi huo, mwaka 2012 Jumuiya ilipitisha sera yake kuhusu watu wenye ulemavu. Aidha, Bunge la Afrika Mashariki lenye makao yake Arusha lilishughulikia muswada wa mwaka 2015 kuhusu kundi hilo.

Ni vyema msomaji akatofautisha mambo hayo mawili. Sera ni mwongozo. Nchi isipoitekeleza, mwananchi hana kifungu cha kusimamia mahakamani. Sheria ya Jumuiya huzifunga nchi wanachama, lakini muswada hauwezi kuwa sheria bila kuridhiwa na wakuu wa nchi. Mmoja wao akikataa, safari inaweza kuishia hapo.

Mkataba wa dunia na Itifaki ya Afrika

Juu ya Jumuiya upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006. Kenya, Uganda na Rwanda zilijiunga nao mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009 na Burundi mwaka 2014. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Somalia mwaka 2019, kabla ya nchi hizo mbili kuingia katika Jumuiya.

Hata hivyo, wanaharakati wa bara hili walisema kwa muda mrefu kuwa mkataba huo haukugusa ipasavyo mambo yanayowakabili Waafrika. Matokeo yake ni Itifaki ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, iliyopitishwa na wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Januari 2018.

Itifaki hiyo ilihitaji kuridhiwa na nchi 15 ili ianze kutumika. Ilichukua miaka sita: idadi hiyo ilitimia na ikaanza kutumika mwaka 2024. Kenya na Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia.

Jambo linaloipa itifaki hiyo sura ya Kiafrika ni kutaja waziwazi mila na desturi zenye madhara. Inazitaka serikali kukomesha vitendo vya kuwaficha watu wenye ulemavu majumbani, kuwatelekeza, kuwahusisha na uchawi na kuwaua kwa imani za kishirikina.

Uhalifu usiojua mipaka

Hakuna jambo linaloonyesha umuhimu wa ushirikiano kuliko mauaji ya watu wenye ualbino. Mashambulizi hayo yaliitikisa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kisha yakaripotiwa Burundi. Mwaka 2009, mahakama ya Ruyigi, mashariki mwa Burundi, iliwatia hatiani watu kadhaa kwa vitendo hivyo. Ilielezwa kuwa viungo vya waliouawa vilikusudiwa kuuzwa Tanzania.

Muuaji akiwa upande mmoja wa mpaka na mnunuzi upande wa pili, polisi wa nchi moja hawawezi kuufikia mtandao mzima. Ndiyo maana Juni 2016 wadau kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam, na hatimaye ukapatikana Mpango wa Utekelezaji wa Kanda kuhusu Ualbino wa mwaka 2017 hadi 2021. Umoja wa Afrika nao ukapitisha mpango wake unaofika mwaka 2031.

Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu dhidi ya Tanzania. Mahakama iliona kuwa serikali haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu wenye ualbino.

Vitabu na vifaa

Mfano mwingine ni vitabu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu vilivyoandaliwa kwa nukta nundu, kwa sauti au kwa maandishi makubwa kuvuka mipaka bila kikwazo cha hakimiliki. Tanzania, Kenya na Uganda zote ni wanachama.

Faida yake ni dhahiri kwa lugha ya Kiswahili. Kitabu cha nukta nundu kikitayarishwa Nairobi kinaweza kusomwa na mwanafunzi asiyeona wa Tabora, badala ya kila nchi kuanza upya kazi hiyo ya gharama kubwa.

Kwa upande wa vifaa, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Anayeagiza kiti cha magurudumu anapaswa kulifahamu hilo kabla ya kufika forodhani.

Takwimu zisizolingana

Kikwazo kimoja kisichozungumzwa sana ni hesabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 2.2 ya watu wana ulemavu, ilhali ile ya Uganda ya mwaka 2014 ilitoa asilimia 12.4.

Haielekei kwamba majirani hao wanatofautiana kiasi hicho. Tofauti kubwa imo katika kipimo: Kenya ilihesabu wenye ugumu mkubwa tu wa kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, wakati Uganda ilijumuisha hata wenye ugumu kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu. Bila kipimo kimoja, ni vigumu kwa Jumuiya kupanga bajeti au kujua nani ameachwa nyuma.

Nani anasimamia?

Nchi zilizoridhia itifaki ya Afrika zinapaswa kuwasilisha taarifa za utekelezaji kila baada ya miaka miwili kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Banjul, Gambia. Mashirika ya kiraia nayo yanaweza kupeleka taarifa zao mbadala.

Hapo ndipo vyama vya watu wenye ulemavu vina nafasi yao. Tanzania lipo shirikisho la SHIVYAWATA, Uganda ipo NUDIPU na Kenya ipo UDPK. Taarifa za vyama hivyo zikiwekwa pamoja, itaonekana ni nchi ipi imetekeleza na ipi imeishia kutia saini.