Kimbunga cha Unguja (1872)

Kimbunga cha Unguja ni tufani iliyotoka Bahari ya Hindi na kupiga kisiwa cha Unguja na pwani ya Bagamoyo tarehe 15 Aprili 1872. Kiliua watu, kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha mashamba ya mikarafuu. Ndicho kilichohamisha zao la karafuu kutoka Unguja kwenda Pemba.

Kimbunga huzaliwa juu ya maji yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Mvuke hupanda, hugeuka mawingu na kuachia joto, nalo huzidi kuuvuta upepo kuelekea katikati. Mzunguko wa dunia huupinda upepo huo hadi ukazunguka. Kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuupinda ni hafifu, ndiyo maana vimbunga vingi vya ukanda huu huangukia Madagaska na Msumbiji. Unguja, iliyo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, hupigwa kwa nadra sana.

Kimbunga hiki kilipiga Aprili, wakati upepo wa kaskazi huwa umekwisha na wa kusi unaanza. Meli za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870, zilivunjwa pamoja na majahazi ya wafanyabiashara. Baadaye Sultani aliagiza Scotland meli mpya, Glasgow, iliyoshushwa majini 1878. Mizinga ya Waingereza iliizamisha tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa nzima, na kwa miaka mingi milingoti yake ilionekana ikichomoza mbele ya Mji Mkongwe.

Ng'ambo ya pili, misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo iliharibiwa vibaya, kisha ikajengwa upya. 

Hasara kubwa zaidi ilikuwa mashambani. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iliangushwa, na minazi mingi pia. Mche wa mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, kwa hiyo mwenye shamba aliyepanda upya alisubiri muda mrefu bila mavuno, huku madeni yakimwelemea. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ilipopanda, matajiri walikimbilia huko kupanda mikarafuu, na hadi leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Mashamba hayo mapya yalitaka wafanyakazi, na wakati huo wafanyakazi walikuwa watumwa. Mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alipofika Januari 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe, Barghash alitaja hasara za kimbunga miongoni mwa sababu za kukataa. Hatimaye alitia saini mkataba wa kuikomesha tarehe 5 Juni 1873, chini ya tishio la kufungiwa bandari, na soko la watumwa likafungwa. Hata hivyo, watu waliendelea kuvushwa kwa magendo kupelekwa Pemba.

Pwani ya Tanzania ya leo ilipigwa tena Aprili 1952, kimbunga kilipoingia Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kutoa tahadhari na boti za Zanzibar kusitisha safari; mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa.