Kutoka Seoul mpaka Hollywood: Hadithi Ikihama, Nini Kinabaki?

Wiki hii historia yetu ni ya sinema.

Wengi humu mmemaliza Squid Game, na yule Lee Jung-jae, mchezaji namba 456, mnamjua kwa sura. Sasa jueni kwamba mwaka 2000 huyo huyo aliigiza filamu ya mapenzi inayoitwa Il Mare. Mwanamume na mwanamke wanaandikiana barua kupitia sanduku la posta la nyumba moja, kumbe mmoja yuko mwaka 1997 na mwenzake yuko 1999. Hollywood ikanunua haki ya kuitengeneza upya, na mwaka 2006 ikatoka The Lake House. Nafasi ya Lee akapewa Keanu Reeves, na ya msichana akapewa Sandra Bullock. Ile nyumba ya ufukweni Korea ikahamishiwa ziwani, karibu na Chicago. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani. Watu wengi walioipenda hawajui kabisa kwamba kulikuwa na ya kwanza.

Turudi nyuma kidogo. Vita vya Korea vilianza 1950 vikasimama 1953, na mamilioni ya watu walikimbia makwao. Desemba 1950 meli moja tu ya mizigo, Meredith Victory, iliondoa watu kama 14,000 katika bandari ya Hungnam. Mji wa Busan ulijaa wakimbizi, vibanda vikapanda mpaka milimani. Mji huo huo, mwaka 1996, ukaanzisha tamasha la filamu ambalo leo ni kati ya makubwa ya Asia. Nawakumbusha hili kwa sababu tunaiona Korea Kusini kwenye simu ikiwa na maghorofa na taa, tunadhani ilizaliwa hivyo.

Sinema yao nayo ililindwa kwa jasho. Tangu 1966 kulikuwa na sheria ya kulazimisha kumbi zioneshe filamu za nyumbani, na baadaye ikafikia siku 146 kwa mwaka. Kampuni za Marekani ziliporuhusiwa kusambaza filamu zao moja kwa moja mwaka 1988, watengenezaji wa Korea waliingia barabarani kuandamana. Mwaka 1999 filamu ya kijasusi ya nyumbani, Shiri, ikaishinda Titanic kwa idadi ya watazamaji nchini humo. Hapo kila mtu akageuza shingo.

Hollywood nayo ikageuza shingo. Mwaka 2002 The Ring, iliyotengenezwa upya kutoka filamu ya Kijapani, iliingiza zaidi ya dola milioni 200. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuunganisha wauzaji na wanunuzi ni Roy Lee, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Hesabu yake ilikuwa rahisi: hadithi imeshajaribiwa mbele ya watazamaji na imefaulu, na Mmarekani wa kawaida hapendi kusoma maandishi chini ya picha. Basi nunua hadithi, badilisha sura na lugha, uza tena. Nyingine zilinunuliwa zikawekwa kabatini tu. My Wife Is a Gangster ya mwaka 2001 ilichukuliwa na Miramax, na toleo la Marekani halijawahi kutoka.

Na zilizotengenezwa je? Tuangalie tatu.

My Sassy Girl (2001) ilianza kama visa ambavyo kijana mmoja alikuwa akiandika kwenye intaneti kuhusu mpenzi wake. Msichana anamchapa kijana, anamwamuru, analewa mpaka anatapika kwenye treni. Kwa nini ilichekesha Wakorea hivyo? Kwa sababu kule lugha yenyewe ina ngazi za heshima, kila sentensi inaonesha nani mkubwa na nani mdogo, na huyu binti anazivunja zote. Sisi wa shikamoo na marahaba tunaelewa haraka. Toleo la Marekani la 2008 lilipeleka kisa New York, ambako msichana kumkaripia mvulana si habari ya kushtua mtu. Kichekesho kikafa. Huko Marekani haikupata hata sinema, ilikwenda moja kwa moja kwenye DVD.

A Tale of Two Sisters (2003) imetoka kwenye hadithi ya kale ya Janghwa na Hongryeon, mabinti wawili wanaoteswa na mama wa kambo na kurudi kama mizimu kudai haki. Wakorea wenyewe wameitengeneza filamu mara nyingi tangu 1924. Kwa hiyo kurudia hadithi si dhambi ya Hollywood peke yake, hata bibi zetu walirudia, na kila bibi aliongeza chumvi yake. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Korea aliijua hadithi tangu utotoni, akawa anangoja aone mwongozaji ataipinda wapi. The Uninvited (2009) iliwafikia watu wasio na kumbukumbu hiyo. Ikabaki filamu ya kutisha kama nyingine.

Ya tatu ni Oldboy (2003) ya Park Chan-wook, iliyopata tuzo ya pili kwa ukubwa Cannes mwaka 2004. Hiyo nayo ilitoka kwenye katuni za Kijapani, kwa hiyo Park mwenyewe aliazima. Lakini alipoazima aliongeza kitu chake. Mwaka 2013 Spike Lee, mwongozaji mkubwa kweli kweli, akaitengeneza upya kwa bajeti ya kama dola milioni 30. Ikarudisha kama milioni 5 tu. Studio iliikata sana kabla haijatoka. Mwigizaji wa Park alitafuna pweza mzima akiwa hai, na wa Marekani anamtazama pweza ndani ya tangi la kioo tu. Hapo unaona kilichopotea: ujasiri.

Halafu upepo ukageuka. Februari 2020 Parasite ya Bong Joon-ho ikashinda Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufanya hivyo. Wiki chache kabla, Bong alikuwa amesema kwamba ukivuka kizuizi cha inchi moja cha maandishi, filamu nyingi nzuri zinakusubiri. Mwaka uliofuata Squid Game, iliyotengenezwa kwa Kikorea, ikatazamwa dunia nzima. Hata hivyo kununua hakujaisha: Save the Green Planet! ya 2003, ambayo nyumbani kwao ilifeli sokoni, ilirudi 2025 kama Bugonia ikiwa na Emma Stone. Ila safari hii kampuni ya Korea ilikuwa mezani kama mtengenezaji mwenza.

Na sisi tuna njia yetu ya tatu. DJ Afro kule Kenya, VJ Jingo Uganda, marehemu Lufufu Tanzania: hawa hawakutengeneza upya filamu wala hawakuweka maandishi. Waliweka sauti yao juu, wakamwita mwigizaji jina la mtaani, wakaongeza matani. Ila picha ilibaki ile ile. Uso wa mwenye hadithi haukufutwa.

Mbona nayasema haya kwenye kundi la wakimbizi? Kwa sababu hadithi zetu nazo zinachukuliwa. Mtu anakuja na kamera, unamsimulia saa nzima: ulivyokuwa fundi cherehani, ulivyogombana na kaka yako, mlivyocheka njiani siku gari lilipokwama. Kwenye bango linabaki neno moja, kwamba ulipoteza kila kitu. Hilo nalo ni toleo la Hollywood, tena bila mkataba. Wakorea angalau waliuza haki kwa karatasi, na filamu zao za kwanza bado zipo, yeyote anaweza kuzitafuta na kulinganisha. Sisi mara nyingi bango ndilo toleo pekee lililopo.

Kwa hiyo vijana, mkiombwa hadithi, ulizeni: nani ataiona, na nitaiona mimi kabla haijatoka? Na kabla hujampa mtu, iandike au irekodi mwenyewe, kwa lugha yako, ndefu unavyotaka, pamoja na ule utani wa njiani. Nyinyi wa mashirika, tuachieni nakala. Toleo lenu likitoka, la kwanza liwe limeshawekwa mahali.

Haya, kwenye maoni: filamu gani ya Korea hamtaki iguswe na mtu?